Michael Bloomberg: Bilionea wa New York na leba za Kigoma

Michael Bloomberg (alizaliwa 14 Februari 1942, Boston) ni mfanyabiashara wa Marekani na meya wa zamani wa jiji la New York. Wengi wanamjua kwa pesa na siasa. Mkoani Kigoma, fedha zake zilifanya kazi nyingine kabisa: kumsaidia mama ajifungue salama.

Utajiri wenyewe ulianza kwa kupoteza kazi. Mwaka 1981 kampuni ya Salomon Brothers, alikofanya kazi miaka 15, ilipata wamiliki wapya naye akaachishwa. Aliondoka na kama dola milioni 10, mgawo wake wa ubia. Akaanzisha kampuni ya kukodisha kompyuta zinazowaonyesha wauzaji wa hati fungani bei na takwimu papo hapo. Mteja wa kwanza alikuwa Merrill Lynch. Leo mabenki makubwa duniani yanalipia huduma hiyo, na humo ndimo zinamotoka fedha za hisani.

Taasisi yake, Bloomberg Philanthropies, ilianza kufadhili afya ya uzazi Tanzania mwaka 2006, Kigoma ikiwa mmoja wa mikoa iliyolengwa. Baadaye taasisi ya Uswisi, Fondation H&B Agerup, ikaongeza nguvu.

Shida kubwa ilikuwa umbali. Hospitali ya mkoa ya Maweni iko Kigoma mjini, na zahanati ya kijijini haina chumba cha upasuaji. Kwa vijiji vya mwambao, kusini ya Ujiji kuelekea Mahale, usafiri ni boti. Ziwa Tanganyika likichafuka, hakuna kutoka. Uchungu pingamizi haungoji mawimbi yatulie, na mama anayevuja damu ana saa chache tu.

Mradi ukaamua kupeleka upasuaji kwenye vituo vya afya vya vijijini. Vyumba vya upasuaji vikajengwa na kupewa vifaa. Ila majengo ndiyo sehemu rahisi. Nani angefanya upasuaji, wakati madaktari bingwa hawapatikani huko? Jibu lilikuwepo nchini tayari: madaktari wasaidizi, maarufu kama AMO, walinolewa kufanya upasuaji wa uzazi, na wauguzi wakafundishwa kutoa dawa ya usingizi. Hapo ndipo penye akili ya mpango huu, maana mtumishi wa kituo habebi begi lake na kurudi Ulaya.

Shirika la Kitanzania la Thamini Uhai, mmoja wa watekelezaji, lilijaribu pia jambo lisilo na gharama kubwa: kumruhusu mama aingie leba na ndugu wa kumshika mkono. Vituo vingi vilikuwa vimezoea kumwacha ndugu nje ya mlango.

Ufadhili ulifikia mwisho 2019 na kazi ikabaki mikononi mwa serikali. Jengo likikamilika, limekamilika. Mafuta ya jenereta, damu salama na dawa ya usingizi vinahitajika kila mwezi.