After Burner

After Burner ni mchezo wa video wa mapigano ya angani uliotolewa mwaka 1987 na kampuni ya Sega ya Japani kwa ajili ya kumbi za michezo. Ulibuniwa chini ya uongozi wa Yu Suzuki. Mchezaji huendesha ndege ya kivita aina ya F-14 Tomcat na kuwatungua maadui kwa bunduki ya rasharasha na makombora.

Maoni ya wachezaji

Kinachosifiwa zaidi ni kasi yake na mashine yenyewe: katika ile kubwa, mchezaji huketi ndani na kiti huinama kila anapolaza usukani. Wanaoukosoa husema hauna mbinu nyingi. Maadui humiminika, moshi hutanda kwenye skrini, na mtu hutunguliwa kabla hajajua kombora limetoka wapi. Toleo la kwanza halikuwa na mtambo wa kuongeza au kupunguza mwendo. After Burner II, iliyotoka mwaka huohuo, iliuongeza, na wengi huiona bora zaidi. Matoleo ya nyumbani, likiwemo la Master System, yalilalamikiwa kwa kupoteza kasi na msisimko wa kiti hicho.