Siri ya Maungamo na Vijana Wetu

Wamisionari wa Konsolata walipofika Iringa mwaka 1919, agizo la Papa Pio wa Kumi lilikuwa na miaka 9 tu: mtoto wa kama miaka 7, atambuaye mema na mabaya, aungame na kukomunika. Wadogo hao hawatusumbui. Shida ni wa miaka 15. Kijana mmoja wa Mbeya aliniuliza mlangoni pa kanisa: “Padre, hutamwambia baba?” Enyi makatekista, hapo kukariri amri hakutoshi; mfundisheni historia. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulioamuru waamini waungame kila mwaka, uliamuru pia kwamba padre atoaye siri ya maungamo avuliwe kazi ya upadre, akafungiwe monasterini kutubu hadi kufa. Kijana alisikiliza, kisha akauliza: “Hata Askofu humwambii?” Hata Askofu.