Sponji juu ya keria: kiti kilichoijenga boda boda ya Busia

Kati ya geti la Kenya na geti la Uganda pale Busia palikuwa na mwendo unaozidi nusu maili. Gari lililotaka kuvuka lilikabiliwa na makaratasi, foleni na maswali, kwa hiyo wasafiri wengi walishuka upande mmoja, wakatembea, wakapanda gari jingine upande wa pili. Katikati kulikuwa na jua, vumbi, mizigo na watoto wa kubebwa. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli wakaiona biashara hapo. Waliwaita wasafiri kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza chao, boda, boda, na jina likaganda.

Hadithi hiyo inajulikana, na kwa kawaida husimuliwa hadi kwenye jina na magendo, kisha ikaachwa. Kilichoifanya safari ile iuzike hutajwa kwa nadra. Ni kiti cha abiria, kile kipande cha sponji kilichowekwa juu ya keria. Kwa maoni yangu ndicho uvumbuzi wenyewe, kwa sababu baiskeli ilikuwako tangu enzi za wakoloni na mpaka ulikuwako, lakini hakuna anayelipa nauli ili aumizwe.

Tazama chombo chenyewe. Baiskeli nyeusi za Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye za Hero kutoka Ludhiana nchini India na za Phoenix kutoka Shanghai, ziliundwa kwa mpango uleule mmoja: magurudumu makubwa ya inchi 28, fremu nzito ya chuma, breki za vyuma badala ya waya. Mwendeshaji aliwekewa tandiko la ngozi lenye springi chini yake. Nyuma kukawa na keria ya vyuma vitupu, iliyokusudiwa mzigo. Keria hiyo ipo karibu juu kabisa ya ekseli ya gurudumu la nyuma, na kila shimo linalogongwa na gurudumu humfikia aliyekaa pale bila kupunguzwa na kitu chochote isipokuwa upepo ulio ndani ya tairi. Mwendeshaji anaweza kusimama kwenye pedeli akiliona shimo mbele. Abiria halioni, mgongo wa mwenzake umemziba.

Mafundi wa mpakani walilishughulikia tatizo hilo kwa vitu walivyokuwa navyo. Kwanza keria iliimarishwa kwa kuchomelewa vyuma vya ziada hadi kwenye ekseli, ili isipinde chini ya mtu mzima mwenye gunia mapajani. Kisha ukakatwa ubao, mrefu na mpana kupita keria yenyewe, kwa maana akina mama walikaa upande na walihitaji nafasi. Juu ya ubao ikaja sponji. Sponji nyembamba hulala baada ya wiki chache na abiria akaanza kuusikia ubao. Ikiwa nene mno, mtu huyumba kwenye kona na baiskeli ikayumba pamoja naye. Fundi mzuri alijua unene wa kati. Halafu kitambaa cha plastiki kinachofanana na ngozi kikavutwa kwa nguvu, kikapigiliwa misumari midogo kwa chini, pembe zikakunjwa vizuri zisimkwaruze mtu. Nyuma ya tandiko la mwendeshaji kikachomelewa chuma cha kushikia, na penye ekseli vikatokeza vyuma viwili vya kukanyagia miguu ili isiingie kwenye spoki.

Mtu aliyezoea gari la shokamzoba atauona ufundi huu kuwa mdogo. Akumbuke kwamba abiria wake alikuwa mama mjamzito anayekwenda kliniki, bibi anayerudi sokoni, au mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine aliyebanwa katikati. Familia nzima ilipita mpakani juu ya kipande kile cha ubao.

Miaka ya 1970 kazi ikabadilika sura. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yakafungwa au yakadorora, na sabuni, chumvi na sukari vikaanza kutafutwa Kenya. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote hadi kilele chake mwaka 1977, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa njia za panya kuelekea Kenya, hasa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako soko la Chepkube lilipata umaarufu. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Baiskeli ilipita pasipopita lori, na keria iliyoimarishwa kwa ajili ya mtu ilifaa pia kwa gunia. Kipindi hicho hupendwa na wasimulizi kwa sababu kina hatari. Mimi naona kilichelewesha tu ile kazi ya asili ya kubeba watu, ambayo ilirudi kwa nguvu kila mpaka ulipotulia. Hata baada ya majeshi ya nchi hizi mbili kufyatuliana risasi pale Busia mnamo Desemba 1987, waendeshaji walirudi kwenye steji zao.

Kufikia wakati huo boda boda ilikuwa imeshapanda kaskazini hadi Malaba, ikaingia Tororo, mji wa saruji na makutano ya reli chini ya jabali lake, kisha Mbale, Jinja na Kampala. Upande wa Kenya ikatapakaa Bumala, Mumias, Kakamega na Kisumu. Na hapo ndipo mapambo yaliponoga.

Waendeshaji ishirini wamesimama steji moja, baiskeli zote nyeusi, zote za muundo mmoja, nauli ni ileile. Abiria atachagua vipi? Macho yake huenda kwenye kiti. Kwa hiyo kiti kikashonewa rangi mbili au tatu, kikazungushiwa mashada ya nyuzi yanayoning'inia kama pazia la mlangoni. Madigadi ya nyuma ikaongezewa kipande cha mpira kilichochorwa kwa mkono: jina la timu ya mpira, maneno ya dini, jina la mtoto wa kwanza, methali. Vikaja vioo viwili vya pembeni, riflekta nyekundu, maua ya plastiki kwenye usukani, kengele yenye mlio wa kipekee ambao mteja wa kudumu aliutambua akiwa mbali. Wapo wanaoyaita hayo mapambo ya bure. Mimi siafikiani nao. Kiti kisafi na madigadi iliyochorwa vilimwambia mama wa watu kwamba kijana huyu anaitunza baiskeli yake, na anayeitunza baiskeli huenda ameikagua breki pia.

Busia ina tawi jingine la historia hii ambalo halipewi heshima inayolistahili. Watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao waliougua polio utotoni, walitumia baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, wakazifanyia marekebisho ili zibebe shehena nzito kuvuka mpaka. Herbert Muyinda na Susan Reynolds Whyte waliandika habari zao mwaka 2007. Chombo kilichotolewa ili mtu aweze kufika dukani kikageuzwa kuwa gari la biashara: sehemu ya mzigo ikapanuliwa, chuma kikaongezwa, na msukumaji akalipwa kusukuma nyuma. Hapa napo fundi alikabili swali lilelile la namna ya kumkalisha mtu kwa saa nyingi juu ya chuma bila kumuumiza, na kwa mteja huyu jibu lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa miguu isiyo na nguvu haimwezeshi mtu kujiinua kidogo ili aupumzishe mwili.

Pikipiki ziliingia Uganda kwa wingi miaka ya 1990. Kenya ilizipokea kwa kishindo baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki za chini ya cc 250. Boxer ya Bajaj na TVS Star zikaja na shokamzoba mbili nyuma na kiti kirefu kutoka kiwandani. Mtu angedhani fundi wa sponji amekwisha. Wapi! Kiti cha kiwandani kimetengenezwa kwa watu wawili, na boda boda ya Malaba hubeba wangapi, kila mtu anajua. Kiti kikarefushwa, sponji ikaongezwa, keria ikachomelewa nyuma, mwavuli mkubwa ukafungwa juu kwa ajili ya jua na mvua ya mchana. Mashada yakahamia kwenye vishikio. Kasoro ni kwamba shokamzoba ilileta mwendo kasi: mashimo ambayo baiskeli iliyapita polepole sasa hupitwa mbio, na wadi za mifupa zinaijua gharama yake.

Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Ule mwendo wa kati ya geti na geti, uliozaa kazi nzima, umepungukiwa na maana yake ya zamani.

Waendeshaji na mafundi wa kizazi cha kwanza walio hai wamezeeka. Majumba ya makumbusho ya Kampala na Nairobi yangefanya vyema kutuma mtu Busia na Tororo akiwa na kinasa sauti na fedha za kununua baiskeli moja nzima, pamoja na keria yake, kiti chake na madigadi iliyochorwa, kabla chuma chake hakijauzwa kwa kilo. Wamuulize na fundi alikopata sponji yake ya kwanza.