Mbwa wa nasaba au chotara? Wa kienyeji asisahauliwe

Anayetafuta mbwa wa kulinda boma katika kaunti za Kitui na Makueni hukabiliwa na swali lile lile: anunue mbwa wa nasaba au chotara? Swali hilo lina upungufu. Linamsahau mbwa wa tatu, ambaye ndiye aliyeenea katika maboma ya Ukambani tangu jadi, yaani mbwa wa kienyeji, au ngiti kama anavyoitwa kwa Kikamba.

Kabla ya kutoa fedha, yafaa mnunuzi afahamu tofauti iliyopo baina ya hao watatu, kwani kosa katika uchaguzi huu laweza kumpotezea mali, na hata kuhatarisha maisha ya watoto wake.

Mbwa wa nasaba ni yule ambaye wazazi wake, babu zake na wakale wake wameandikwa katika daftari rasmi, vizazi kadhaa mfululizo. Nchini Kenya daftari hilo hutunzwa na chama cha East Africa Kennel Club chenye makao yake Nairobi. Mbwa asiye na cheti cha usajili hawezi kuthibitishwa kuwa wa nasaba, hata akiwa na masikio yaliyosimama na mgongo mweusi. Wengi wanaouzwa kwa jina la German Shepherd bila karatasi yoyote huenda wakawa chotara.

Chotara ni mzawa wa mbegu mbili tofauti, au wa mbwa wa nasaba na wa kienyeji.

Mbwa wa kienyeji hawekwi katika fungu la chotara, ingawa watu wengi humbeza kwa kumwita koko. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa 2009, uliohusisha mbwa wa vijijini nchini Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kwamba mbwa wa Uganda kwa sehemu kubwa walikuwa na asili yao wenyewe, si mabaki ya mbegu za Ulaya. Wamechujwa na jua, njaa na maradhi kwa karne nyingi.

Aidha, nasaba zenyewe si za kale kama inavyodhaniwa. Chama cha wafugaji wa German Shepherd kiliundwa Ujerumani mnamo 1899. Sifa rasmi za Rhodesian Ridgeback ziliandikwa mjini Bulawayo mnamo 1922, na mbwa huyo alitokana na kuchanganywa kwa mbwa wa Wakhoikhoi na wale walioletwa na Wazungu. Chotara wa jana ndiye mwenye nasaba wa leo.

Faida na hasara

Sifa kuu ya nasaba ni kutabirika. Mnunuzi hujua mapema kimo cha mbwa, uzito wake na tabia inayotarajiwa. Ndiyo sababu vikosi vya polisi duniani hupendelea mbegu maalumu kwa kazi ya kunusa na kufuatilia wahalifu.

Hasara yake hutokana na asili hiyo hiyo. Mbwa wanapopandishwa ndani ya ukoo mmoja kwa muda mrefu, kasoro zilizojificha hujitokeza. German Shepherd wengi husumbuliwa na viungo vya nyonga, na Dalmatian baadhi yao huzaliwa viziwi. Mbwa wenye pua fupi, kama vile Bulldog na Pug, hupumua kwa shida, na joto laweza kuwaua.

Chotara wa kizazi cha kwanza mara nyingi huwa na afya bora kuliko wazazi wake. Jambo hili si geni kwa wafugaji wa Kitui na Mwingi waliopandisha mbuzi wa kienyeji kwa beberu wa Toggenburg ili wapate maziwa mengi bila kupoteza ustahimilivu. Lakini wafugaji hao wanajua pia kwamba ubora huo hupungua chotara wakipandishwa wao kwa wao ovyo. Tena, chotara hatabiriki. Watoto wa tumbo moja waweza kutofautiana kwa kimo na kwa hulka.

Ardhi na chakula

Makueni ina sura mbili. Milima ya Mbooni na Kilungu ina baridi, ilhali Kibwezi na Makindu ni nyanda za joto. Kitui nayo hupata joto kali Mutomo na Kyuso. Mbwa mwenye manyoya mazito aweza kuishi kwa raha Mbooni, lakini Mutomo atatweta kutwa asipopata kivuli na maji.

Kupe ni adui mwingine. Huambukiza maradhi ya damu kama vile babesia. Mbwa wa kienyeji aliyekulia mahali penye kupe mara nyingi hujenga ustahimilivu tangu utotoni, lakini mgeni aliyetoka mjini aweza kufa kwa siku chache asipotibiwa.

Kisha kuna chakula. Dume la German Shepherd hufikia kilo 30 hadi 40, mbwa wa kienyeji kwa kawaida huwa mdogo zaidi. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, nyumba nyingi zilikosa hata muthokoi wa kutosha watu. Asiyeweza kumlisha mbwa mkubwa wakati wa kiangazi asimnunue wakati wa masika.

Kabla ya kununua

Mnunuzi aombe kuwaona wazazi, au mama angalau. Mama mkali kupita kiasi au mwoga huonyesha watoto watakavyokuwa. Asimchukue mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8. Akiambiwa ni wa nasaba, adai cheti. Vilevile adai kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari wa mifugo.

Kadi hiyo ina uzito kuliko cheti cha nasaba. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra mno mgonjwa kupona. Kenya ilianzisha mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huo kuanzia 2014 hadi 2030, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuanza kazi hiyo. Ili maambukizi yakatike, sharti angalau asilimia 70 ya mbwa wote wachanjwe. Virusi havichagui nasaba.

Mbwa achanjwe afikapo miezi 3, na kila mwaka baadaye. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa boma la kawaida la Kitui au Makueni, lenye mbuzi wa kulindwa na shamba la kuhifadhiwa dhidi ya nyani, mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, anayelishwa na kufunzwa vyema anatosha. Mwenye uwezo na kazi maalumu ataona faida ya nasaba, na chotara atamfaa anayewajua wazazi wake. Lakini yeyote atakayechaguliwa, asiingie bomani bila kadi ya chanjo.