Haki ya Afya Katika Katiba za Afrika

Nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Uingereza zilipojipatia uhuru wake, katiba zilizokabidhiwa, aghalabu baada ya mashauri ya London, ama hazikuwa na sura ya haki za raia kabisa, ama zilitaja uhai, mali na uhuru wa kusema, zikanyamaa juu ya siha ya mwili. Na hali Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilikwisha kuihesabu tiba miongoni mwa mambo anayoyastahiki kila mwanadamu.

Zilizofuata hazikunyamaa, illa zilisema kwa hadhari. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, yaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Walakini ibara ya 7 imekwisha kuzuia mahakama zisiamue juu ya masharti ya sehemu hiyo. Uganda nayo, mwaka 1995, iliyaweka matibabu miongoni mwa malengo ya taifa yanayotangulia ibara zenyewe.

Afrika Kusini ndiyo iliyothubutu kupita mpaka huo. Ibara ya 27 ya katiba yake ya mwaka 1996 humpa kila mtu haki ya kuzifikia huduma za afya, kwa kadiri ya uwezo wa dola, na kukataza mtu kunyimwa tiba ya dharura. Mwaka uliofuata sharti hilo lilitiwa mizanini, pale mgonjwa wa figo wa Durban, asiye na kazi na aliyekwisha kumaliza akiba yake kwa matibabu ya kulipia, alipoomba hospitali ya serikali imsafishie damu kwa mashine. Mashine zilikuwa chache, nazo zilitengwa kwa wale wanaotarajiwa kupona au kubadilishiwa figo. Mahakama ya Katiba ikahukumu kwamba maradhi ya kudumu si dharura, na baada ya siku chache yule bwana akafariki. Lakini mwaka 2002 mahakama iyo hiyo iliiamuru serikali iondoe vizuizi vya dawa ya nevirapine, inayopunguza hatari ya mama kumwambukiza mwanawe virusi vya UKIMWI, dawa ambayo ilikuwa ikitolewa katika vituo vichache vya majaribio tu.

Kenya, katika ibara ya 43 ya katiba ya mwaka 2010, iliahidi kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Na mwaka 2012 Mahakama Kuu ilivikataa vifungu vya sheria ya bidhaa bandia vilivyohatarisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu. Hata Uganda, ambako shauri juu ya wanawake waliofariki wakijifungua katika hospitali za serikali lilitupwa mwaka 2012, Mahakama ya Juu ililirudisha likasikilizwe, na mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ikawapa haki waliolifungua.

Kwa hiyo, atakaye kuijua thamani ya haki hii katika nchi yoyote, asitosheke kuisoma ibara inayoitaja afya. Na aitafute pia ile isemayo kama mgonjwa aliyenyimwa tiba aweza kuifikisha dola mbele ya hakimu.