Swichi-mizani, wala si masalia

Orodha ya istilahi za umeme iliyonifikia hapa Pepa mwezi uliopita, pamoja na barua fupi ya kunitaka "maoni", inakiita kile kifaa kinachokata umeme unapovuja "kivunja-mzunguko cha mkondo masalia". Niliisoma mara tatu. Ile ya tatu niliisoma kwa sauti, mbele ya mchunga ng'ombe aliyekuja kuchaji simu kwenye sola yangu, akaniuliza ni nani aliyefariki.

Hakukosea. Kwetu tuliokulia karibu na misheni ya Kirungu, masalia ni mifupa ya watakatifu iwekwayo altareni. Kwa wengine ni makombo ya mezani. Umeme unaozungumziwa hapa haukubaki popote; kosa lake ni kutoroka. Umeruka waya, ukapita kwenye maji ya tangi, ukapanda mkono wa mtu, ukateremka miguuni hadi kwenye saruji. Kuuita masalia ni kama kumwita ng'ombe aliyeibwa "ng'ombe mabaki".

Na hicho "kivunja"? Kutoka Moba hadi Mombasa umeme hukatika, hauvunjiki. Kilichovunjika huungwa au hutupwa, kilichokatwa hurudishwa. Inaelekea katika kamati nzima iliyoitunga orodha hakuna aliyewahi kumsikia jirani yake akipiga kelele usiku, "Wamekata!"

Naandika kwa uchungu kwa kuwa jambo hili limenigusa mwilini. Nilikuwa nimeshuka Kalemie kwa mpwa wangu, kijana anayefuga samaki wa ziwani ndani ya tangi la kioo. (Hapa Pepa siwezi: baridi ya milima ya Marungu ingedai hita usiku kucha, na sola yangu haina ubavu huo.) Ana Tropheus wachache wenye mshipi wa njano, na frontosa mmoja mwenye nundu kama ng'ombe wetu, ila yeye huibeba kwenye paji la uso. Ni wa aina ile ya buluu ambayo wafugaji wa Ulaya huiita Moba, ingawa sidhani wengi wao wangeuonyesha mji huo kwenye ramani. Niliingiza mkono kuinua jiwe lililoangukia pampu. Umeme ukanikamata hadi begani. Samaki waliendelea kukwangua ukijani kwenye mawe kana kwamba sikuwapo, kwani wao hawakukanyaga sakafu. Mimi ndiye niliyekuwa peku. "Mjomba, toa mkono!" Nilikuwa nimeshautoa, pamoja na maji ya kutosha kufulia.

Fundi alipoitwa alitazama ukuta mara moja tu. "Mzee, hapa panataka diferansieli." Ndilo jina la mtaani kwetu, mkopo wa Kifaransa; ng'ambo ya ziwa, huko Kigoma, fundi atakutajia herufi za Kiingereza. Sina ugomvi na mafundi. Wao hukopa kwa sababu wana kazi.

Jina ninalolitetea ni swichi-mizani, nami nitalitetea hadi nizikwe.

Kifungue kifaa chenyewe. Waya unaopeleka umeme na waya unaourudisha hupita pamoja ndani ya pete moja ya chuma. Kilichokwenda kikilingana na kilichorudi, pete imetulia. Zikipotea miliampea 30 njiani, kifaa kinakata kabla moyo haujavurugika. Hizo 30 ni kitu kidogo: balbu ya wati 60 kwenye volti 220 hunywa takriban mara tisa yake. Fyuzi ya ampea 10 haisikii chochote hapo. Itamtazama mtu akifa, maana yenyewe iliajiriwa kulinda nyaya. Sasa kulinganisha kilichokwenda na kilichorudi, kama si mizani, ni nini?

Neno hili ni la Kiarabu, kutoka mzizi wa w-z-n, ule uliotupa pia uzani. (Uzito, licha ya sura ya pacha, ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa Kibantu wa "-zito"; anayewachanganya, nami nimewasoma wanaowachanganya, arudi darasani.) Waarabu walitumia wazni kwa dhahabu na kwa beti vilevile, na tabia hiyo ikavuka bahari. Mshairi wetu hupewa mizani, yaani silabi, 8 za ukwapi na 8 za utao. Mshororo ukija na 15, mwenye sikio anajua pamevuja kabla hata hajapata maana. Ndivyo kifaa hiki kinavyosikia. Hakijali umeme ni mwingi au mchache. Kinasikiliza kama hesabu imetimia.

Pendekezo langu lilizimwa miaka mingi iliyopita na mtu ambaye baadaye alipewa kiti cha mbele katika kamati hiyo. Hoja yake: madereva wa Tanzania wakisikia mizani hufikiria kituo cha kupimia malori. Vema. Na hapo kituoni, hesabu ikikataa, lori hufanywa nini? Huzuiwa. Dereva atalielewa neno langu kabla ya profesa. Nilijibu hivyo kwa maandishi, na jibu langu halikuonekana katika kumbukumbu za kikao. Mwingine alileta "kinusa-mvujo", ambalo walau lina pua. Lakini kifaa hakinusi, wala hakijui umeme umevujia wapi.

Kuhusu matumizi: chomoa plagi kabla ya kutia mkono majini, acha waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone lidondoke sakafuni, bonyeza kitufe cha T kila mwezi, na ujue kwamba anayeshika nyaya mbili kwa pamoja bila umeme kushuka ardhini hakingwi, kwa sababu hapo mizani imetimia. Tahadhari hizi hazina mzaha kwa mfugaji wa samaki wa ziwani: maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, hivyo hupitisha umeme kuliko ya mvua.

Orodha nimeirudisha na maoni ya kurasa saba. Kifaa cha mpwa wangu kipo ukutani, kinafanya kazi. Nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa amekiandika kwa wino mzito, herufi kubwa: DIFERANSIELI. Nimemwomba afute. Anasema atafuta akipata spiriti.