Waliorudi Njiani

Katika miaka yangu ya kufundisha historia nilizoea kuwauliza wanafunzi swali moja: nani alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro? Mikono iliinuliwa, jina la Hans Meyer likatajwa, mwaka 1889 ukaandikwa ubaoni, nasi tukasonga mbele. Sasa nimestaafu, nina mvi kichwa kizima, na naona kwamba swali lile lilikuwa pungufu. Nilipaswa kuuliza pia: nani walirudi njiani, na kwa nini? Swali hilo la pili sikulipata katika chuo cha ualimu. Nilifundishwa na mzee mmoja wa mlimani, usiku mmoja wa mwaka 1983, wala sikumshukuru wakati ule.

Nianze na historia yenyewe. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na huko Ulaya walitokea wataalamu wa kumbishia, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wachagga hawakuwa na haja ya ubishi huo. Wamisionari wale waliandika habari waliyoisikia, kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu wakachunguze kile kitu cheupe kilichong'aa juu. Inasemekana alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Kwa hiyo habari ya kale tuliyoandikiwa juu ya safari ya kwenda kileleni ni habari ya msiba.

Baada ya hapo walikuja wageni. Von der Decken alijaribu mwaka 1861, akajaribu tena mwaka 1862 akiwa na Otto Kersten, wakapita mita 4,000, wakarudi. Charles New alifika kwenye theluji mwaka 1871, akarudi. Mwaka 1887 alipanda Teleki, naye akarudi. Mwaka huohuo Meyer alifika kwenye ukuta wa barafu ya Kibo, akaona hana vifaa vya kuuvuka, akarudi. Mwaka 1888 alikuja tena, lakini vita vya Abushiri vilimkuta njiani, akakamatwa, na hakuachiliwa mpaka alipokombolewa kwa fedha.

Safari ya mwaka 1889 ndiyo inayosomwa shuleni. Meyer alimleta Ludwig Purtscheller, bingwa wa milima kutoka Austria. Lakini si ubingwa peke yake uliowafikisha. Safari hii waliweka kambi kwa hatua, na watu walipanda na kushuka kutoka Marangu kuwapelekea chakula. Kambi ya juu ililindwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyezaliwa penye joto na minazi, akabaki kwenye baridi ile akiwangoja. Na katika sherehe za miaka 100, mwaka 1989, mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa kuwa miongoni mwa walioongoza safari ile.

Tarehe 3 Oktoba, baada ya kukata ngazi katika barafu kwa saa nyingi, Meyer na Purtscheller walifika ukingoni mwa kreta. Kilele walikiona kwa macho, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Jua lilikuwa limekwisha pinduka, nao walikuwa wamechoka. Je, msomaji, wewe ungefanyaje? Wao waligeuka. Walishuka, wakapumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba wakafika juu. Waliweza kugeuka kwa sababu chini kulikuwa na chakula cha siku nyingine. Asiye na akiba ya siku hawezi kurudi, atalazimisha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kosa langu.

Sisi wa rika langu tulikuwa watoto wa shule Luteni Alexander Nyirenda alipoupeleka Mwenge wa Uhuru kileleni, Desemba 1961. Tulikua na picha ile moyoni. Mwaka 1983, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya sekondari, nilipata ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi kumi mlimani kwa njia ya Marangu. Fedha zilikuwa chache na vyakula vilikuwa adimu nchini. Waongozaji wetu wawili walishauri tulale Horombo siku mbili ili miili izoee hewa nyembamba. Nilipiga hesabu ya mchele na sukari, nikaifuta siku ile. Toka Horombo hadi vibanda vya Kibo ni kama mita 1,000 za kupanda, nasi tulizipanda kesho yake asubuhi, huku tukiimba.

Saa tano usiku tuliamshwa kujiandaa kwa kilele, kwani usiku changarawe huganda na mguu hupata pa kushika. Kijana mmoja, mkimbiaji hodari kuliko wote, hakuwa amekula tangu mchana. Kichwa kilimuuma na alikuwa ametapika. Nikamwambia ajikaze. Mwongozaji mkubwa, mzee wa makamo ya baba yangu, alimshika mkono akamtoa nje, akamwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Kijana akayumba kama mlevi.

"Huyu anashuka sasa hivi," mzee akasema.

"Mzee wangu, tumebakiza usiku mmoja tu. Apumzike kidogo, tutamshika mkono."

"Mwalimu, mlima haukimbii. Uliukuta, utauacha. Huyu ana mama yake."

Niliudhika. Nilikwisha kuona mbele ya macho yangu picha ya wanafunzi kumi kileleni na hotuba nitakayoitoa shuleni. Mzee hakubishana nami. Aliwasha taa yake, akawaita wapagazi wawili, wakamshika kijana huku na huku, wakapotea gizani kuelekea chini. Nami, mwalimu wake, nilipanda na waliobaki nyuma ya mwongozaji wa pili. Tulifika Gillman's Point, jua likachomoza nyuma ya Mawenzi. Wanafunzi walishangilia. Mimi nilitazama chini muda wote, ingawa hakuna kinachoonekana kutoka kule.

Tulimkuta Horombo, ameketi juani, anakunywa uji. Mzee alikuwa kando yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Karibu uji, Mwalimu."

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kuwa kule juu ubongo huweza kuvimba, na mapafu huweza kujaa maji, hata kwa kijana mwenye nguvu. Kuyumba ni dalili moja. Kuhema ukiwa umekaa ni nyingine. Dawa ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku, na anayengoja mapambazuko anaweza kuchelewa. Nilimsikiliza nikanyamaza. Mzee yule hakuwa na shahada, lakini alijua yote hayo, akayapima kwa hatua chache za mtoto.

Siku hizi Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa, na haruhusiwi mtu kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Mpagazi ana kipimo cha mzigo, kilo 20. Hayo ni mema. Lakini hakuna kanuni inayoweza kumwondolea mtu aibu ya kugeuka, na aibu hiyo ndiyo inayoua. Kijana anayejiandaa kwenda mlimani nampa maneno matatu: weka akiba ya siku, sema mapema unapoumwa, na anayekuongoza akisema shuka, shuka.

Nilipomtafuta mzee yule ili nimshukuru, nilikuta amekwisha fariki. Deni hilo limebaki kwangu, na ukurasa huu ni sehemu ya kulilipa. Mwanafunzi wangu yu hai. Hajafika kilele mpaka leo, na ana wajukuu wanne.